Sendofu ya Roketi, Hallunda

Niliitwa Sweden kushika kipaza sauti. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wa mtaani kwetu Kihonda wameshatunga yao: mara nilikwenda kutibiwa, mara nilikwenda kuolewa na mzungu mwenye shamba la ng'ombe. Hapana. Mimi ni mshereheshaji, MC Yustina wa Morogoro, na ukisikia harusi ya mji huu imenoga, uliza nani alikuwa MC. Kaka yangu Erasto, anayeishi Stockholm tangu nywele zake zikiwa nyeusi, alinipigia simu akasema, "Mdogo wangu, nina shughuli. MC wa huku simtaki. Njoo wewe."

"Neema anaolewa?" nikauliza.

"Neema anarusha roketi."

Ilibidi nikae chini. Neema ni binti yake pekee. Amezaliwa huko huko, na mama yake alifariki yeye akiwa bado shuleni. Erasto ni muuguzi, na alikuwa ameshapanga mtoto awe daktari. Alishawatangazia hata watu wa kanisani. Mtoto akachagua uhandisi. Kwa muda mrefu baba na binti wakawa wanasalimiana tu, habari, nzuri, kama wapangaji waliokosana kwa sababu ya bafu. Sasa Neema alikuwa amepata kazi kwenye timu inayorusha roketi za utafiti kule kaskazini, na hii ilikuwa mara ya kwanza kwake kukaa miongoni mwa wale wanaoulizwa kama roketi iende au isiende. Erasto akaona hapa ndipo pa kumaliza ubaridi.

Ila Erasto hajui kumaliza jambo kimya kimya. Miaka yote aliyokaa Ulaya amekuwa mjumbe wa kamati za sendofu za mabinti wa wenzake. Amebeba viti, amebeba masufuria, amecheza muziki asiouweza, wenzake wakilia machozi ya furaha wakati binti anaagwa kwenda kwa mumewe. Neema alishamwambia kuhusu ndoa asimuulize kwanza. "Basi," kaka akaniambia, "nitaiaga roketi. Sendofu kamili, na sare juu."

"Na Neema anajua?"

"Anajua kutakuwa na chakula kidogo."

Ninamfahamu kaka yangu. Kama ameshasema chakula kidogo, kamati imeshakaa.

Safari ilianza asubuhi kwa treni ya umeme kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, na sanduku langu lilikuwa na vitenge vingi kuliko nguo. Sare tulikubaliana iwe ya bluu yenye nyota za njano. Gauni la Neema nilimshonea kwa kukisia, kwa sababu mara ya mwisho kumwona alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikuja likizo Morogoro, akafungua spika yangu kwa bisibisi sebuleni, vyuma vyote mkekani, nami nikashika kichwa. Aliifunga tena kabla ya chakula cha mchana, na tangu siku ile spika haikukoroma. Nilipakia gauni juu kabisa lisikunjike.

Uwanja wa ndege wa Dar, kijana wa uhamiaji aliuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia ninakwenda kuaga roketi. Aliitazama pasi, akanitazama mimi, akatazama tena pasi. "Roketi inakwenda wapi, mama?" Nikamwambia inakwenda juu na kurudi siku hiyo hiyo, haibebi mtu, inabeba vipimo tu, na inashuka kwa mwavuli. Neema alinieleza hivyo kwenye simu. Kijana akagonga muhuri akasema nimsalimie.

Addis Ababa tulibadili ndege. Nilikunywa kahawa yao nikakaa macho hadi Ulaya.

Arlanda, kwenye uwanja wa ndege wa Stockholm, Erasto alikuwa amesimama na koti mkononi kubwa kama la mlinzi wa ghala. Ulikuwa mwezi wa nne, jua linawaka kabisa, nami nikamwambia koti la nini na jua lote hili. Milango ikafunguka. Nikalivaa haraka, naye akacheka mpaka akashika tumbo. Kaka amezeeka. Nilimkumbatia pale nje kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Tukapanda treni kuelekea kusini. Ndani ya behewa kuna watu wengi na hakuna anayesema. Mimi nilikuwa na habari za miaka yote ya ukoo, na nilipofika kwenye kesi ya kiwanja cha baba mdogo Erasto akaniwekea mkono begani: "Taratibu, Yustina. Behewa zima limeshajua mpaka wa kiwanja." Hakuna aliyegeuka kututazama. Wanasikia kwa adabu.

Flemingsberg tulishuka, naye akanionyesha majengo ya hospitali juu ya kituo. "Pale ndipo ninapolia na kucheka," akasema. Tulipanda basi kwenda Hallunda, kwake, ghorofa ya nne, juu ya maduka. Chumba cha Neema kiko vilevile, na ukutani ameacha bisibisi zake zimepangwa kwa ukubwa. Nilitundika gauni kwenye kitasa cha kabati.

"Atakuja lini nimwone?" nikauliza.

"Yuko Kiruna, mbali huko kaskazini, treni inalala njiani. Na pale hawataki umati. Sisi tutaangalia kwenye skrini hapa ukumbini. Akisharusha anashuka, mtakaa wote hadi mchokane."

Ijumaa jioni kamati ilikaa mezani kwa Erasto. Mwenyekiti alikuwa Otieno, Mkenya, dereva wa basi, mtu wa kutazama saa. Mama Furaha, Mkongo wa Bukavu anayechanganya Kifaransa, ndiye aliyepewa keki, na alikuwa ameshaioka, keki ndefu yenye umbo la roketi, nyeupe, na pua nyekundu. Nikawasomea ratiba yangu. Wageni kuingia, sala na dua, neno la baba, kuhesabu kurudi nyuma, roketi kuruka, vigelegele, keki, ndafu, muziki.

"Vigelegele nitaviongoza mimi," nikawaambia. "Hakuna mwanamke kutoa kigelegele mpaka niseme sasa. Kikitoka kimoja kabla ya wakati, shughuli imevuja."

"Hii kitu inatoka saa ngapi hasa?" Otieno akauliza.

"Saa saba mchana," akajibu Erasto.

"Na ikichelewa je?" akauliza Mama Furaha. "Mais, mashine ni mashine."

Nilicheka. "Mama, kuchelewa ndiyo kazi yangu."

Na ni kweli. Msomaji wangu umekaa kwenye harusi, unajua. Bwana harusi amekwama Msamvu, gari la matarumbeta limezima, keki bado iko Dar, na MC anasema keki iko mlangoni. Kisha unawasimamisha watu, unawachezesha kidogo, unawatania wakwe, na saa nzima inapita hakuna aliyeona. Sijawahi kushika kipaza sauti ukumbi ukapoa. Niliwaambia kamati hivyo, wakaniamini, na mimi nikajiamini zaidi.

Jumamosi asubuhi, kabla sijavaa, Neema alipiga simu. Sauti yake imekuwa nzito, lakini Kiswahili chake ni kile kile cha mezani kwa baba.

"Shangazi, wako watu wangapi?"

"Wachache."

"Shangazi."

"Wanajaa ukumbi."

Kisha akauliza, "Baba amealika watu wa kazini kwake?"

"Na mchungaji, na shehe, na wazee wanakuja kutoka Akalla, ng'ambo ya mji, na suti zao."

"Mwambie baba roketi si basi. Inaweza isitoke saa saba. Inaweza isitoke kabisa leo. Nimemwambia, anasema Mungu yupo."

"Na Mungu yupo. Wewe fanya kazi yako huko, ukumbi niachie mimi."

"Shangazi, ninaogopa kumwaibisha," akasema. "Ndiyo kwanza tumeanza kuongea."

Nikamwambia hakuna atakayeaibika siku ambayo mimi nimeshika kipaza sauti. Ndivyo nilivyosema, kwa mdomo huu.

Saa sita mchana ukumbi wa Hallunda ulikuwa umependeza hata mimi nikaogopa kugusa kitu. Bluu na njano kila meza, kama bendera ya kwao na sare yetu kwa pamoja. Ndafu, kondoo mzima wa kuokwa, alisimama kwenye sinia na kotimiri mdomoni. Keki ya Mama Furaha ilikuwa mbele, kisu kimefungwa utepe. Walikuwapo Watanzania, Wakenya, Waganda, Wakongo, Warundi, na meza nzima ya wauguzi Waswidi wa kazini kwa Erasto waliofika kwa wakati wakakaa kabla ya wenyeji. Watoto walibeba roketi za karatasi na wakagombana kwa Kiswidi. Erasto alivaa suti aliyofungia ndoa. Alipotoa neno lake alisema, "Leo binti yangu anaagwa na hajaolewa," na watu wakapiga makofi hadi akashindwa kuendelea.

Kwenye skrini kubwa tuliona roketi kwa mbali, nyembamba, imesimama kwenye theluji, na saa ya kuhesabu kurudi nyuma pembeni. Kulikuwa na sauti pia, watu wakizungumza kwa kupokezana. Nikaagiza sauti ya skrini izimwe. Ukumbini husikika mtu mmoja, na mtu huyo ni MC.

Saa saba ilipokaribia, saa ya kwenye skrini ikasimama.

"Bibi harusi bado anapaka wanja," nikasema. Wakacheka. Nikawainua wanaume wote wenye vitambi wacheze mbele, na Otieno akatolewa kwa nguvu. Saa ikaanza tena, ukumbi ukashangilia, ikasimama tena. Mama mmoja wa meza ya mbele akanipungia mkono kuuliza kuna nini. Na mimi, bila hata kufikiri, nikasema, "Msiwe na wasiwasi, nimeongea nao. Ni dakika tano tu, iko mlangoni."

Nimeongea na nani? Sikuongea na mtu. Lakini neno hilo nimelisema mara nyingi sana maishani, linatoka lenyewe.

Basi watu wakaamini. Nikawasimamisha wote, wanawake mbele na mikono juu, wamejaza vigelegele mdomoni wakinitazama wasikie lile neno langu, "sasa". Saa ilikuwa inashuka vizuri. Wauguzi Waswidi nao walisimama na kuinua mikono, maana walidhani ndiyo desturi. Erasto alikuwa katikati, uso wake umelowa. Kisha namba zikaganda. Maandishi yakatokea, na picha ya roketi ikaondolewa ikawekwa picha ya mlima.

Binti wa Otieno alisoma, akamwambia baba yake jambo kwa Kiswidi. Otieno akanijia karibu akasema polepole, "MC, wameahirisha. Wanasema ni mambo ya ufundi. Watatangaza siku ingine."

Watu walikuwa bado wamesimama na mikono juu. Hicho ndicho kitu ambacho sitakisahau. Mkono mmoja ukashuka, halafu mwingine, kisha wote. Mzee mmoja wa Akalla, aliyebadili treni mjini akiwa na suti na fimbo, alikaa akaanza kufungua tai. Watoto wakauliza, wakajibiwa, na mmoja akaangua kilio, na roketi yake ya karatasi akaikunja ikawa mpira. Mtu akasema kwa nini wasingetuambia mapema. Mwingine akasema amebadilishana zamu kwa ajili ya hii. Na yule mama wa meza ya mbele akaniuliza, si kwa ubaya, "MC, si ulisema umeongea nao?"

Mara ya kwanza katika kazi yangu, nilikuwa na kipaza sauti mkononi na sina la kusema. Nikamwambia kijana wa muziki aweke wimbo, akauweka, hakuna aliyetikisika.

Jikoni nilimkuta Erasto amevua koti la suti, ameegemea friji. "Watu wa kazini kwangu wamekuja, Yustina," akasema. "Nimewaambia wiki zote hizi ni binti yangu. Wiki zote. Sasa watasema nini?" Kisha akasema jambo lililoniuma: "Angekuwa daktari, haya yasingetokea."

Simu yangu ikaita. Alikuwa Neema. Nikatoka nayo hadi kwenye mlango wa nyuma, kwenye maegesho, ambako theluji ya mwisho imelundikwa na kuwa nyeusi.

"Shangazi, bado wapo?"

"Wapo."

"Baba?"

"Yuko jikoni. Usijali, mashine ni mashine. Hao wakubwa wenu wangesema mapema tu."

"Si wakubwa." Nikasikia anavuta pumzi. "Ni mimi. Kabla ya mwisho wanatuuliza mmoja mmoja, uko tayari? Kila mtu akasema yuko tayari. Ilipofika kwangu nikasema hapana. Ilisikika hewani kabisa. Hukuusikia ukumbi ukizomea?"

Sauti niliizima mimi. Ukumbi mzima haukusikia.

"Kulikuwa na kipimo kimoja cha joto," akaendelea, "kinapanda na kushuka bila sababu. Kidogo sana. Ningeweza kusema ndiyo. Nilikuwa ninajua mko pale, shangazi, nilikuwa ninawaona kichwani na sare zenu. Nikasema hapana." Akaanza kulia. "Usimwambie leo. Mwambie ni ufundi tu. Utaweza, wewe si unajua kusema na watu?"

Ningeweza. Sentensi ilikuwa imeshakaa tayari kwenye ulimi: walikuwa wazungu wa juu, wala Neema hakuulizwa. Kaka angefarijika, wageni wangekula, na siku ingepita. Lakini nilikuwa nimetoka kuona mikono ya watu ikishuka kwa sababu ya neno langu moja tamu. Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Mweleze mwenyewe." Nikarudi jikoni nikampa Erasto simu, nikasimama mlangoni ili mtu asiingie.

Alisikiliza muda mrefu, macho kwenye vigae. Mimi nilikuwa ninaomba moyoni asiseme lile la udaktari. Mwishowe akauliza, "Ungesema ndiyo, ingekuwaje?"

Sauti ya Neema ilisikika hadi pale nilipo. "Labda ingeruka vizuri. Labda ingeharibika na kazi za watu za miaka. Sikujua, baba. Kwa kuwa sikujua, nikasema hapana."

Erasto akafuta uso kwa kiganja. "Mimi dawa nisiyokuwa na hakika nayo simpi mgonjwa," akasema. "Hata daktari akinifokea. Nimefokewa sana kwa hilo." Kisha akauliza, "Umekula?"

"Bado."

"Kale kwanza. Halafu ulale. Sisi huku tupo."

Alivaa koti lake, akafunga kifungo, akaja akaninyang'anya kipaza sauti. Ndiyo, alininyang'anya, mbele ya watu.

"Ndugu zangu," akasema, "MC amewaambia ameongea na wenye roketi. Hakuongea nao. Mimi nimetoka kuongea nao sasa hivi." Kisha akairudia kwa Kiswidi, kwa ajili ya meza ya kazini. "Aliyesimamisha roketi ni Neema. Ameulizwa kama yuko tayari, wenzake wote wamesema ndiyo, yeye amesema hapana, kwa sababu hakuwa na hakika. Alijua tumekaa hapa. Kama kuna mwenye lawama, aniletee mimi. Huyo ni mwanangu."

Hakuna aliyepiga makofi, wala hakikuwa kitu cha kupigia makofi. Lakini mmoja wa wale wauguzi, mama mrefu mwenye nywele nyeupe, aliinuka akamwendea Erasto akamshika mkono kwa mikono miwili, akakaa naye hivyo. Mzee wa Akalla akafunga tai yake tena.

Mama Furaha ndiye aliyetuokoa. "Bon," akasema, "keki yangu haikatwi leo. Itangoja siku yake."

"Na huyu ndafu?" Otieno akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekuja na njaa. "Na yeye ameahirishwa?"

"Ndafu hajaahirishwa," akasema Erasto, na hapo ndipo ukumbi ulipocheka, nikajua tutafika jioni salama. Watu walikula vizuri. Kulikuwa na walioondoka wamenuna, na sitadanganya kwamba kila mtu alielewa. Mama mmoja alisema njia nzima hadi mlangoni kwamba mtoto wa kike akisomeshwa sana hushindwa kuamua. Erasto alimfungua mlango akamshukuru kwa kuja. Keki iliingia kwenye friza la kaka baada ya kuvunjwa pua, kwa kuwa ilizidi urefu.

Siku zilizofuata nilikaa Hallunda nikisubiri. Walibadilisha kile kifaa cha joto, kisha upepo ukakataa, kisha wakasubiri zamu yao ya kurusha. Kila asubuhi Erasto kabla ya kwenda kazini alimpigia Neema, na nikawa ninasikia kutoka chumbani wanabishana kuhusu vipimo, baba naye akitoa mawaidha ya joto la mgonjwa. Walikuwa wanaongea zaidi ya nilivyowahi kusikia. Lakini Neema hakuweza kushuka kabla roketi haijapanda, na mimi huku Morogoro nilikuwa nimeahidi kushika harusi ya watu ambao nilishakula chakula chao. Tiketi haikungoja.

Arlanda, siku ya kurudi, nililia. Niliacha gauni la bluu kwenye kitasa cha kabati. Nimekwenda Sweden kumwona mtoto na ninarudi sijamwona, nikamwambia kaka, na vigelegele vyangu vyote ninarudi navyo tumboni. Alinikumbatia akasema, "Vitunze." Neema naye alinitumia ujumbe nikiwa kwenye foleni: "Samahani shangazi, spika yako bado haikoromi?" Nikamjibu haikoromi.

Morogoro nilifika joto likanipokea vizuri, na Jumamosi ile ile nikawa kazini. Ukumbi ulijaa, bibi harusi amekaa peke yake juu ya jukwaa, na bwana harusi hayupo. Gari lao lilikuwa limeharibika njiani, Mikese. Baba wa bibi harusi akaninong'oneza, "Waambie wako mlangoni."

Nilishika kipaza sauti nikaangalia wale watu na nguo zao. Nikasema, "Jamani, bwana harusi hajafika. Gari limeharibika Mikese, fundi amekwenda. Sijui watafika saa ngapi. Kaeni, vueni viatu, watoto wapewe chakula kwanza." Baba mtu alinitolea macho. Ukumbi ukanung'unika kidogo, halafu watu wakavua viatu kweli, soda zikaanza kutembea, na bibi harusi akaomba samosa. Nilijifunza hilo kwa binti niliyemfundisha kusema shikamoo, na sioni haya kulisema.

Soda zilikuwa bado zinatembea simu ilipotetemeka kwenye mkanda wa kitenge changu. Ilikuwa video kutoka kwa Erasto. Nikaifungua pale pale, kipaza sauti kwapani.

Ni kantini ya kazini kwake, Flemingsberg. Erasto amevaa nguo za kazi. Mezani iko keki ya Mama Furaha isiyo na pua, na wale wauguzi wamesimama nyuma yake. Mbele yao kuna kompyuta, na safari hii sauti iko wazi. Mtu anaita majina, mmoja mmoja, na kila mmoja anajibu neno moja. Kisha inajibu sauti ya mwanamke, nzito, haina haraka.

"Huyo," anasema kaka yangu. "Ndiye huyo."

Moto ukawaka chini ya ile sindano nyembamba, ikaondoka, na kabla hujasema lolote imekwisha kuwa nukta, halafu hakuna, moshi tu. Kantini yote inapiga kelele. Erasto hapigi. Ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Kisha anageuka kwenye simu, ananitazama mimi moja kwa moja.

"Yustina," anasema. "Sasa."

Kilitoka chenyewe, kipaza sauti kikiwa wazi, kigelegele cha Hallunda chote pamoja na cha safari ya kurudi. Ukumbi mzima ukasimama. Wanawake wakakidaka, vikapanda hadi kwenye bati, matarumbeta yakalia, bibi harusi akatupa samosa akaanza kupanga shela, watu wote wamegeukia mlangoni.

"Kaeni," nikawaambia, huku machozi yananishuka. "Bwana harusi bado yuko Mikese. Hiki kilikuwa cha binti yetu."